Kitabu cha Bildi cha Levin Purnell, Skuna Phoebe, Mto Potomac, 1861

9 Julai

Kitabu hiki ni cha Serikali, lakini Serikali imekikataa. Kilitumbukia kwenye supu ya maharage mwezi wa tano, na Kapteni Oakes hawezi kupeleka Washington vipimo vinavyonuka vitunguu. Akanitupia, akasema nifanyie mazoezi ya mwandiko, maana mwandiko wangu unafanana na kaa aliyekunywa wiski. Kila ukurasa una safu tatu: Saa, Kina, Chini. Nitazijaza nipendavyo.

Atakayekiokota ajue mimi ni nani. Levin Purnell, miaka kumi na minane, mtoto wa mvuvi wa chaza wa pwani ya mashariki ya Chesapeake. Nimesoma majira matatu ya baridi. Ya nne chaza walikuwa wengi, baba akanitoa shule. Kazi yangu ni kutupa bildi, donge la risasi lililofungwa kamba, la kupimia kina cha maji, na mto huu mzima hakuna anayetupa kama mimi. Sijisifu, naandika kipimo tu.

Phoebe ni skuna ya milingoti miwili, nyembamba, iliyojengwa kupimia maji na si kupigania. Miaka miwili tumepanda na kushuka Potomac, mimi natupa bildi, Kapteni anachora ramani. Vita vilipoanza jeshi la majini likatuchukua jinsi tulivyo. Wakatufungia mizinga miwili midogo, wakampa Kapteni koti la vifungo vya shaba linalombana kwapani, basi tukawa manowari. Ni kama kumfunga kuku upanga kiunoni.

11 Julai

Saa: kutwa. Kina: hatukupima. Chini: jua.

15 Julai

Leo Kapteni ameniuliza kama naijua bado kanuni ya kwanza ya wapimaji. Nikamwambia naijua kuliko sala. Bildi ina tundu upande wa chini, tunalijaza shahamu ya ng'ombe. Ukitupa, risasi inagonga chini na shahamu inanasa kilichopo: tope, mchanga, kome waliovunjika. Unavuta, unataja kina kwa pima, kila pima futi sita, unageuza bildi, unataja chini. Yote mawili, kila mara. Usitaje maji ambayo bildi haijayagusa. Kapteni amelirudia hilo miaka miwili, nadhani hata usingizini anamwambia mkewe.

Nimemwuliza lini atatia jina langu kwenye ramani. Ana tabia ya kugawa majina: jiwe moja chini ya Rasi ya Mabry ni la shangazi yake, kijito kimoja ni cha mbwa wake aliyekufa. Akasema shangazi yake alifanya jambo la maana duniani, na mbwa pia.

Ngoja tu. Nitakuwemo.

23 Julai

Habari za jeshi letu kushindwa vibaya nchi kavu. Mzee Crouch, mpishi wetu, ameunguza mkate wa mahindi na hakuna aliyemtukana.

2 Agosti

Luteni Strickland amekuja kutukagua. Yeye ndiye mkubwa wa vyombo vyote vya sehemu hii ya mto, anakaa kwenye manowari ya moshi, na masharubu yake yanatangulia kuingia mlangoni. Alitembea Phoebe nzima kwa dakika kumi, akagonga mizinga yetu kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti. Kisha akamwambia Kapteni, nami nikiwa karibu na masikio yangu yote mawili, kwamba manowari zake zinalala bila makaa na yeye anahitaji tishali la kubebea makaa. Phoebe ina tumbo zuri. Phoebe ikapewa hadi mwisho wa Oktoba ionyeshe faida yake. Ikishindwa, milingoti itang'olewa, tutagawanywa vyombo vingine, nayo itamwagiwa makaa hadi shingoni.

Kapteni alisema, "Vizuri, bwana," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mtoto wake atauzwa.

Mzee Crouch anasema Kapteni aliichora Phoebe mwenyewe kabla haijajengwa, na siku ya kuishusha majini alilia hadharani. Sikujua. Nimekwenda nikapiga msasa ubao wa mahali pangu ninaposimama kutupa bildi, bila kuambiwa.

6 Agosti

Kaa wa kuchemsha. Nimekula kumi na moja. Crouch anasema tisa. Crouch hajui hesabu.

14 Agosti

Tumekamata mashua imejaa dawa za homa na barua za kwenda Virginia. Mwenyewe alidai ni mvuvi. Ndoano hata moja hana. Kapteni amefurahi, ameandika ripoti ndefu. Ikija mashua nyingine kama hiyo, Luteni asahau tishali lake.

22 Agosti

Naandika hili tukiwa tumekaa juu ya mchanga. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, isipokuwa jambo moja ambalo sitaliandika leo.

Saa kumi alasiri tuliona mashua ya tanga ikikimbilia upande wa Virginia, chini kidogo ya Kijito cha Hobbs. Luteni Strickland alikuwa chomboni mwetu, amekuja kuona tunafanyaje kazi. Upepo ulikuwa mzuri, kama tuliouombea dua. Tukaifukuza. Nikasimama mahali pangu, kamba mkononi, nikitaja vipimo haraka, sauti juu, ili yule bwana wa masharubu asikie mtupa bildi akoje. Pima tatu, tope. Pima tatu, tope. Pima tatu na nusu, tope. Phoebe ikanyanyuka taratibu kama mwanamke anayepanda ngazi, ikakaa.

Maji yalikuwa yamejaa, yakaanza kupwa. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kukwama. Watu wenye bunduki wakajitokeza ufukoni. Tundu moja kwenye tanga la mbele, jingine kwenye birika la kahawa. Crouch amehuzunika kuliko kama angepigwa yeye. Mashua tuliyoifukuza ilipita mbele yetu, na mmoja wao akatuvulia kofia.

Luteni akauliza kosa la nani. Kapteni akasema, "Ramani ni yangu, bwana. Kosa ni langu."

23 Agosti

Manowari ya moshi imetuvuta alfajiri maji yalipojaa tena. Lakini kabla haijafika ulikuja mtumbwi kutoka upande wa Virginia, ndani yake mwanamume mweusi wa miaka arobaini na ushei, mkewe, na kuku mmoja. Wametoroka utumwani. Mwanamume anaitwa Isom Gaskins, mkewe Clarinda. Wengine waliokuja namna hii wamepokelewa, nao wakapokelewa. Kuku pia, ingawa Crouch alimtazama vibaya.

Nilimsaidia Isom kupanda nikamwambia karibu mjomba, kama kwetu watu weupe wanavyowaita wazee weusi. Akanitazama. "Mama yako simjui," akasema, "na dada yangu hajazaa mtoto wa rangi hiyo."

Mabaharia wakacheka hadi upande wa pili wa mto, nadhani.

Clarinda amepelekwa Washington kwenye gati la jeshi, kuna kazi ya kufua. Isom amebaki, ameandikwa baharia.

24 Agosti

Basi. Niandike.

Kapteni aliniita chumbani mwake, bildi iko mezani. Akaigeuza. Shahamu ilikuwa safi kama siagi dukani, na alama ya dole gumba langu nilipoisawazisha mchana ilikuwa palepale, haijaguswa na kitu. Akasema, "Purnell, tope liko wapi?"

Sikuwa nimetupa. Nilikuwa narusha kamba kidogo kwa madaha, naivuta kabla haijafika chini, na vipimo navitoa kichwani. Sehemu ile nilipima mwenyewe mwaka jana. Pima tatu, tope, naijua kama njia ya kwetu ya chooni. Ila gharika ya mwezi wa tatu ilisukuma mchanga mpya pale, nami sikuwa na habari.

Nilidhani atafoka. Akafungua droo, akatoa ramani, akasema kila namba iliyomo kuna mtu aliyeigusa. Elfu nyingi. Mtu akiikuta moja ya uongo hataziamini zilizobaki. Kisha akaniambia niende nikamsaidie Crouch viazi.

Nikamwomba aniache nimwambie Luteni ukweli. Akasema hiari yangu. Nikapiga makasia mwenyewe hadi manowari ya moshi, nikamwambia masharubu kwa masharubu, ingawa yangu bado hayajaota. Akanisikiliza. Akasema amefurahi kujua Kapteni ni mzuri na mtupa bildi ni mbaya, na kwamba tishali halihitaji hata mmoja. Barua ya kung'oa milingoti imeshaandikwa. Imebaki tarehe tu.

25 Agosti

Viazi.

26 Agosti

Viazi. Crouch anasema namenya maganda mazito kama ninayechonga sanamu.

3 Septemba

Isom ametueleza leo, akila, kwa nini alikuja siku ile. Alikuwa ufukoni na wenzake wanakausha juya, ule wavu mrefu wa kukokota, wakatuona tunafukuza mashua. Wakajua tutakwama hata kabla hatujakwama, maana fungu lile la mchanga wao waliliona likizaliwa mwezi wa tatu. Msimamizi wao alicheka hadi akakaa chini. Isom hakucheka. Miezi miwili alikuwa akitazama vyombo vya Serikali vikipita, na kila akisukuma mtumbwi vinakuwa vimeshapita.

"Nikamwambia Clarinda, fanya haraka," alisema. "Hawa angalau hawaendi popote."

Nikasema basi anishukuru mimi. Akasema ameshanishukuru, aliniachia kiazi kikubwa nimenye.

10 Septemba

Mvua. Kapteni anakaa na Isom kila siku baada ya chakula, ramani katikati yao. Isom amepewa bildi. Hajui pima wala futi. Anasema hapa juya linasimama, hapa linalala, hapa maji ya kidevu cha mtu mrefu. Upuuzi mtupu, na Kapteni anauandika kama maneno ya mtume.

12 Septemba

Nimemjaribu Isom. Nilijifanya namwonyesha ramani nikamtajia kina kikubwa cha uongo karibu na Rasi ya Mabry. Akasema, "Hapo hutamzamisha hata ndama wako, bwana bildi. Hapo napita na suruali nimekunja." Yuko sahihi. Bwana bildi ndilo jina langu sasa chomboni kote. Hata yule kuku angekuwa na ulimi angeniita hivyo.

19 Septemba

Siyo upuuzi. Naandika hapa kwa siri. Miaka ishirini amevuta juya mto huu, akiwa ndani ya maji mpaka kifuani kuanzia masika. Mimi naujua mto kwa kamba, yeye kwa magoti. Leo aligeuza bildi, akanusa shahamu, akatuambia tuko upande gani wa mto, macho amefumba. Mabaharia walibishana naye kwa dau, wakapoteza tumbaku. Mimi sikubishana. Nimeanza kuwa na akili.

1 Oktoba

Majani ya ng'ambo yamekuwa mekundu. Bata wanapita wengi. Crouch amepata wanne, bila shaka kwa mzinga.

16 Oktoba

Mambo yamebadilika. Waasi walikuwa wamejificha msituni upande wa Virginia wakijenga, jana wakaikata miti iliyowaficha, na kumbe kuna mizinga mizito imepangwa kama meno. Mkondo mkuu unapita chini ya pua yao. Hakuna chombo kinachothubutu. Huku chini zimesimama stima moja na skuna mbili zimejaa unga wa Washington. Luteni anazunguka juu ya manowari yake kama simba wa maonyesho.

Isom akamwambia Kapteni kuna mlango wa maji upande wetu wa Maryland, kati ya fungu refu na ufuko, mbali na mizinga ile. Walikuwa wakivutia juya humo. Juya linasimama lote na chini haligusi. Kwenye ramani yetu hapo pameandikwa mchanga tu, futi tano, basi.

Kapteni akasema tulipochora ramani hatukuingia humo, tulikisia kwa kutazama. Alisema hivyo akiwa mwekundu masikioni. Kumbe hata yeye.

Nikaacha viazi. Nikamwambia naomba bildi.

Kapteni akamtazama Isom. Isom akasema, "Mpe. Mkono anao. Kilichomkosesha ni mdomo."

Nimepewa kwa sharti moja: kila mtupo nimwonyeshe Isom shahamu kabla sijafungua mdomo.

18 Oktoba

Siku mbili ndani ya mashua, mimi natupa, Isom anageuza, Kapteni anaandika. Mitupo mia tatu na kumi na mbili. Mikono imechubuka hadi kalamu inateleza. Mlango upo. Pima mbili mwanzo hadi mwisho, ila ni mwembamba, na una kona moja mbaya. Lakini jambo zuri ni hili: ndani ya mlango chini ni udongo wa buluu wenye kome. Pande zote mbili ni mchanga. Kwa hiyo hata kama huoni kitu, shahamu inakuambia. Buluu, nenda. Mchanga, geuka.

Kapteni alitaka kuimba, akajizuia kwa sababu ya vifungo.

Luteni ameletewa habari. Hataki kupita mchana, waasi wataona na watasogeza mizinga. Atasubiri ukungu wa asubuhi. Amesema Phoebe itangulie, na ikikwama mara hii hatahitaji kuivuta, ataijazia makaa hapohapo.

19 Oktoba

Hakuna ukungu. Viazi, kwa hiari.

21 Oktoba

Ukungu umekuja, mzito, wa kukatwa kwa kisu. Saa moja asubuhi Phoebe ilitangulia kwa tanga dogo la mbele, nyuma yetu stima, Luteni akiwa juu yake, nyuma yake skuna mbili za unga, kila chombo kimefungwa kamba na mwenzake kama watoto wa shule. Mtu wa nyuma nilikuwa simwoni. Kapteni mwenyewe alishika usukani.

Nikatupa. Nikageuza, Isom akagusa kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Pima mbili, udongo wa buluu. Sauti ya chini, inamfikia Kapteni tu. Nikatupa tena. Buluu. Tena. Ng'ambo tulisikia waasi wakipasua kuni na mmoja anapiga mluzi, vibaya sana. Mitupo arobaini, hamsini, yote buluu. Nikaanza kuona raha. Hapo ndipo mimi ni hatari.

Kwenye kona nikatupa, mkondo ukaivuta kamba pembeni. Sikusikia kugonga. Nikavuta, shahamu safi, dole gumba langu linanitazama. Na mimi nilijua kwa hakika, kama ninavyolijua jina langu, kwamba ni pima mbili, buluu. Kapteni alikuwa anasubiri. Isom alikuwa anasubiri. Nyuma stima ilikuwa inakuja.

Nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Sijagusa."

Kapteni hakuuliza. Akaamuru tanga literemshwe, Phoebe ikapoteza mwendo, na stima ikasogea karibu kutugonga. Luteni akauliza kwa kile kipaza sauti chake cha bati kuna nini huko mbele. Hakuna aliyemjibu, naona fahari kuandika hivyo. Nikatupa tena, nikaacha kamba ishuke yote. Nikavuta. Futi saba na nusu. Isom akagusa. Mchanga.

Tulikuwa tunatoka mlangoni. Urefu mmoja wa chombo mbele na tungekaa, na stima ingetukalia mgongoni, na ukungu ungepanda ukatuacha wote wanne mbele ya yale meno. Kapteni akageuza kushoto. Nikatupa. Nikatupa. Buluu, na kome mmoja mzima, mdogo, amenasa kama kipuli.

Saa tatu kasorobo tulitoka upande wa juu. Ukungu ukafunguka tukauona mto mpana, bata wengi, na nyuma yetu wale watatu, wote wanaelea. Mizinga ya waasi ilipiga mara mbili kwa hasira. Maji tu yalilowa.

Isom alikaa juu ya sanduku la kamba. Nikaikunja kamba ya bildi, nikakaa kando yake.

"Asante, Bwana Gaskins," nikasema.

"Karibu, bwana bildi," akasema.

23 Oktoba

Unga umefika. Luteni amekuja na ile barua, imetiwa tarehe kabisa, akaichana mbele yetu vipande vinne na kuwashia kiko. Hakutoa hotuba. Akaipiga Phoebe kofi mbavuni kama farasi, akamwambia Kapteni amtafutie milango mingine. Milingoti imebaki. Kapteni alikwenda mbele peke yake kukagua kamba ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Isom amepewa siku saba kwenda Washington kwa Clarinda. Amemchukua kuku.

26 Oktoba

Crouch amepika bata kwa mkate wa mahindi, na birika jipya limefika. Nimelala mchana.

30 Oktoba

Isom amerudi, koti jipya, amefuliwa hadi anang'aa. Kapteni akatuita chumbani kuona ramani aliyoichora upya kabla haijapelekwa kuchapwa. Niliinama kabla sijaambiwa niiname.

Upande wa Maryland, wino mbichi, kwa herufi zake ndogo: Mlango wa Gaskins. Nikamsomea Isom, nikauweka mkono wake kwenye jina, akapitisha kidole juu ya kila herufi polepole, akarudia, akaniuliza ipi ni G.

Kisha Kapteni akaniambia nitazame upande wa pili, chini ya Kijito cha Hobbs. Nikatazama. Pale pale tulipokaa usiku mzima tukitobolewa birika, ameandika: Fungu la Purnell.

Nikamwambia Kapteni sikumaanisha hivyo. Akasema ndivyo ramani inavyomaanisha.

Isom alicheka hadi akashika meza. "Langu vyombo vitapita ndani yake kwa raha," akasema. "Lako, wakiliona tu, wote watageuza usukani. Miaka mia moja, bwana bildi, watu wanalitaja jina lako na kukimbia."

Nimemwandikia mama kuwa nipo kwenye ramani ya Serikali. Nimemwambia ni kitu kikubwa, cha mchanga, kilichoisimamisha manowari. Kila neno ni kweli.

Leo nimepiga makasia hadi kwenye fungu langu nikatupa bildi. Ukurasa umebaki mmoja, nauandika kama ulivyotakiwa kuandikwa tangu mwanzo.

Saa: kumi alasiri. Kina: futi sita, maji yakijaa. Chini: mchanga. Nimegusa.